Waulize Mafundi: Pedali ya mkono, ifungue kwanza ndipo ulipe

Maswali ya safari hii yameelemea upande mmoja: pedali za gitaa la umeme, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti, zinazoundwa kwa mkono, moja moja, mezani kwa fundi. Kabla hatujaanza, tukubaliane kuhusu saa. Tukisema nobu, kile kifundo cha kuzungusha, iwe saa sita, mshale umesimama wima juu. Saa tatu umelala kushoto, saa tisa umelala kulia. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na pedali ya Marekani itaandika kumi na mbili, tisa na tatu. Ibadilishe kichwani kama unavyobadilisha saa ya tiketi ya ndege.

Swali: Napiga solo kwenye bendi ya dansi. Nimeonyeshwa ovadraivu (pedali ya kukoroga sauti kidogo) mbili. Moja ni ya kiwandani, imetumika, wanataka 150,000. Nyingine kaiunda fundi wa hapa hapa mjini, mpya, 130,000. Wenzangu wanasema ya mkono ndiyo yenye sauti. Nichukue ipi? – Mpiga solo, Sinza

Jibu: Mkono peke yake hauongezi sauti. Pedali nyingi za mkono, za hapa na za nje, ni watoto na wajukuu wa saketi chache zinazojulikana: Tube Screamer ya Ibanez, Fuzz Face, Big Muff ya Electro-Harmonix, RAT ya ProCo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi liwe la ukoo: hii imezaliwa na nani, na wewe umebadilisha nini? Anayejua kazi yake hajibu kwa mafumbo. Atakwambia, kwa mfano, "Ni Tube Screamer, ila pale penye kapasita ya nanofaradi 47 nimeweka 100 ili besi isipungue." Jibu hilo lina uzito kwako. Kwenye saketi ya asili, kapasita hiyo ya 47 ikishirikiana na rezista ya kiloomu 4.7 hufanya sauti za chini ya hezi 720 hivi zisikorogwe sana, na za kati zisukumwe mbele. Ukiweka 100, mpaka huo unashuka hadi karibu hezi 340. Mezani kwa fundi, ukipiga peke yako, utaipenda: imejaa, imenona. Ndani ya bendi yenye ridhimu, second solo na besi, unono huo utagongana na gitaa la besi na solo yako itazama. Kwa kazi yako omba 47 irudi.

Halafu omba ifunguliwe. Skrubu nne, dakika moja. Kasha liwe la alumini ya kusubu. Ukubwa wa kawaida ni milimita 112 kwa 60 kwa 31, au zaidi kidogo. Plastiki hapana. Hupasuka chini ya kiatu, na haizuii mawimbi: simu ya mtu jukwaani ikikaribia kuita, spika inaanza di-di-dit, di-di-dit kabla mlio wenyewe haujatoka.

Ndani tazama waya kwanza, ubao baadaye. Waya wa nyuzi nyingi hupinda na kurudi. Ule mgumu wa uzi mmoja hukatika pale pale unapokutana na risasi ya kuunganishia, na pedali inayopanda bodaboda mara mbili kwa wiki haitachelewa kukatika. Uguse kila mmoja kwa ncha ya kidole, uuvute taratibu. Kisha tazama risasi yenyewe. Kiungo kizuri kina umbo la kilima kidogo, kingo zake zimeshika shaba pande zote. Kibaya ni duara, kama tone la maji juu ya sufuria yenye mafuta. Kiungo cha namna hiyo kinafanya kazi leo. Keshokutwa ukikanyaga swichi sauti inakata na kurudi, na hujui ulaumu waya, gitaa au amplifaya.

Sasa angalia migongo ya potenshometa, yaani vile vitasa vinavyobeba nobu. Ni chuma kitupu. Kama ubao wa saketi umelala juu yake bila kipande cha plastiki au kadibodi katikati, kifuniko kitaubonyeza na njia za umeme zitagusana na chuma. Ndiyo maana kuna pedali inayolia vizuri ikiwa wazi na kunyamaza ikifungwa. Fundi akikwambia "hii usiikaze sana skrubu", umeshapata jibu lako.

Mafundi wetu wengi hutoa vipuri kwenye redio na televisheni zilizokufa. Hatuna ugomvi na hilo, ila kwa mipaka. Rezista na kapasita za filamu za kutolewa sehemu nyingine hazina neno zikipimwa. Kapasita za elektroliti, zile zenye umbo la pipa dogo, zikataliwe: hukauka ndani kwa umri na joto, na zikikauka ndipo mvumo unapopenya. Potenshometa iliyotumika nayo itakwaruza. Karibu na tundu la umeme pawe na kipipa cha mikrofaradi 47 hadi 100 na dayodi ya kinga, 1N4001 au 1N5817. Aisii, kile kipuri cheusi chenye miguu mingi, iwe kwenye soketi. Wapo wanaolalamika kwamba soketi hulegea kwa mtikisiko, na ni kweli, lakini aisii bandia zipo sokoni na ni heri kubadilisha kwa kuchomoa kuliko kwa moto.

Ndipo usikilize. Geini, yaani nobu ya kukoroga sauti, iwe saa tatu, toni saa sita, kisha zungusha volyumu hadi sauti ya pedali ikiwa imewashwa ilingane kabisa na ikiwa imezimwa. Usiruke hatua hii. Kitu chenye sauti kubwa kidogo kuliko kingine siku zote kitaonekana kizuri zaidi, na muuzaji mjanja anaijua siri hiyo kuliko wewe. Zikishalingana, punguza volyumu ya gitaa hadi 4: ovadraivu nzuri inasafika bila kufifia. Zungusha kila nobu toka mwanzo hadi mwisho. Ikikwaruza ilhali ni mpya, kuna kapasita inayovujisha umeme wa betri kwenye njia ya sauti. Kanyaga swichi mara 20. Gonga kasha kwa kidole. Ukisikia kishindo kikubwa kwenye spika, kuna kitu kimelegea.

Ikivuka hayo, chukua ya mkono, na si kwa sababu ya sauti. Ya kiwandani ya siku hizi mara nyingi ina vipuri vidogo kama punje za mchele vilivyobandikwa na mashine, na fundi redio wa kawaida hana kifaa cha kuvishika. Ya mkono ikifa, aliyeiunda yuko umbali wa nauli ya daladala. Akikataa kuifungua, chukua ya kiwandani na usijute.

Swali: Kuna mtu anauza pedali anasema ni "Klon" halisi, shilingi 400,000. Ndani kamwaga gundi nyeusi, anasema ndiyo dalili ya uhalisi. – Mpenzi wa gitaa, Tabata

Jibu: Si halisi. Klon Centaur ni ovadraivu iliyoundwa na Bill Finnegan huko Marekani na kuanza kuuzwa mwaka 1994. Zile za asili leo huuzwa kwa maelfu ya dola, na bei ya Tabata haifiki hata robo. Gundi ya epoksi kweli Finnegan aliimwaga, ili watu wasiige saketi. Waliiga hivyo hivyo, na mchoro wake sasa unajulikana na kila fundi wa pedali. Kwa hiyo gundi kwenye nakala hailindi siri yoyote. Inachofanya ni kukuzuia wewe kuona kazi ya risasi na kumzuia fundi mwingine kubadilisha kipuri cha shilingi mia chache.

Nakala isiyo na gundi si kitu kibaya. Ukiipata, ujue jambo moja: ndani kuna aisii ndogo inayopandisha volti 9 kuwa karibu 18, mara nyingi MAX1044 au mwenzake, na aisii hiyo haivumilii zaidi ya volti 10 na ushei. Usiipe adapta ya volti 12 kwa kufikiri itanguruma zaidi. Itanguruma mara moja tu.

Swali: Shikamooni. Napigia kwaya gitaa. Nilinunua distosheni ya mkono, kwa fundi ililia safi. Kanisani inavuma "nguuu" muda wote, na juu yake kuna mluzi mwembamba. Nimetumia chaja ya ruta kwa sababu plagi yake iliingia vizuri. Wiki hii imezima kabisa. – Mwanakwaya, Mbagala

Jibu: Marahaba. Kuingia kwa plagi hakuna maana kwamba umeme unafaa. Tundu la pedali karibu zote linataka volti 9 za moja kwa moja (DC), na pini ya katikati iwe hasi. Chaja nyingi za ruta zina katikati chanya, na nyingi ni volti 12. Plagi ni ile ile ya milimita 5.5 kwa nje na 2.1 kwa ndani, na hapo ndipo watu wanapojikwaa. Kwenye lebo ya adapta kuna mchoro mdogo: duara lenye nukta katikati, na alama za kujumlisha na kutoa pembeni. Kwa pedali, nukta iunganishwe na alama ya kutoa.

Kwa kuwa ilifanya kazi kwanza ndipo ikafa, inaelekea chaja yako ilikuwa na pini ya katikati hasi lakini volti zake zilizidi, au siku moja ulichukua chaja nyingine inayofanana nayo. Anza hivi. Usiichomeke tena popote. Weka betri ya volti 9, kama pedali ina nafasi yake. Ikilia, umepona, tatizo ni chaja peke yake. Isipolia, fungua na utafute dayodi ya 1N4001 karibu na tundu la umeme, silinda ndogo nyeusi yenye mstari mweupe. Umeme ukigeuzwa, dayodi hiyo hujitoa mhanga: inapitisha umeme wote na kufa ikiwa imeungana. Ipime na mita kwenye alama ya dayodi. Ikilia "piii" pande zote mbili, imekufa. Ikate, weka mpya, mstari uelekee upande wa chanya. Mara nyingi pedali inafufuka hapo hapo. Kama dayodi ni nzima, au fundi hakuiweka kabisa, aliyeumia ni aisii au kapasita za elektroliti. Iliyovimba kichwa utaiona kwa macho.

Ukinunua adapta mpya, ipime kabla haijagusa pedali. Mita iwe kwenye volti 20 za DC, waya mwekundu ndani ya tundu la plagi, mweusi kwenye ganda la nje. Isome −9, yaani na alama ya kutoa mbele. Ikisoma 9 bila alama, katikati ni chanya, irudishe. Ikisoma 12, 13 au 14 wakati lebo imeandika 9, hiyo ni adapta ya zamani ya transfoma isiyodhibiti volti. Nayo irudishe.

Kuhusu kelele, zitenganishe mbili hizo kwa sikio. "Nguuu" ya chini inatoka kwenye umeme wa ukutani, hezi 50 au maradufu yake 100. Mluzi mwembamba unatoka ndani ya chaja, au kwenye pedali ya kidijitali mnayochangia nayo waya mmoja wa umeme. Pedali ikiwa kwenye betri, zungusha mwili wako ukiwa umeshika gitaa. "Nguuu" ikipungua ukitazama upande fulani, mwenye kosa ni pikapu ya gitaa (kile kinasa sauti cha chini ya nyuzi, si gari la mizigo) na hakuna pedali itakayomtibu. Ikibaki vile vile kila upande, kagua waya na ethi (njia ya umeme kwenda ardhini) ya amplifaya.

Hapo tunaomba usikilizwe ushauri huu hata na anayeshughulikia vyombo kanisani. Kuna watu huvunja au kuruka ile pini ya tatu ya plagi ya amplifaya kwa sababu "mvumo unaisha". Mvumo unaisha, kweli. Na siku amplifaya ikivujisha umeme, njia pekee ya volti 230 kwenda ardhini ni nyuzi za gitaa, mikono yako, na midomo iliyogusa maikrofoni. Ekstensheni isiyo na ethi ni hatari ile ile.

Swali: Sisi hatuna amplifaya ya gitaa, tunachomeka pedali moja kwa moja kwenye mikseta. Distosheni inatoka kama nyuki kwenye debe. Tununue pedali gani ya bei kubwa zaidi? – Kikundi cha vijana, Kimara

Jibu: Msinunue distosheni nyingine, itakuwa nyuki wa bei kubwa. Spika ya gitaa kwa maumbile yake haitoi sauti nyingi zaidi ya hezi 5,000; spika za ukumbini zinatoa kila kitu, pamoja na mikwaruzo ambayo distosheni huitengeneza huko juu. Mnachokosa ni kichujio kinachofanya kazi ya spika ya gitaa. Fundi wa pedali anaweza kukiunda kwenye kasha dogo, kikae mwisho kabisa, baada ya pedali zote.

Kwa Jumapili hii: geini ishushwe hadi saa tatu au chini yake, toni ya pedali saa tano. Kwenye mikseta, nobu ya trebo pekee haitoshi kwa sababu nyingi huanza kufanya kazi juu sana, karibu hezi 10,000 na kuendelea. Kama mikseta ina nobu ya kuchagua sauti ya kati, iwekeni kwenye 4,000 na kupunguza kwa nguvu. Waya kutoka pedali hadi mikseta ukizidi mita 6 hivi, tumieni boksi la DI, kile kisanduku kinachoiandaa sauti ya gitaa isafiri kwenye waya mrefu hadi mikseta.

Swali: Nataka fuzi (pedali ya kukoroga sauti kwa nguvu) ya transista za gerimani (germanium) kama ya kale. Fundi anazo. Kuna shida? – Mpiga gitaa, Kinondoni

Jibu: Shida ni Dar es Salaam yenyewe. Fuzz Face, iliyotoka Uingereza mwaka 1966, ina transista mbili tu, na za mwanzo zilikuwa za gerimani. Gerimani huvujisha umeme, na uvujaji huo hukaribia kuongezeka maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10 hivi. Fundi akiirekebisha usiku kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 22, halafu wewe ukaipiga mchana wa Januari chini ya turubai pale kwenye harusi, na kasha jeusi limepigwa jua, hiyo si pedali ile ile tena. Sauti inakuwa kavu, noti inakatika kabla haijaisha, kama redio inayoishiwa betri.

Jinsi ya kuijua: pima volti kati ya kolekta (mmoja wa miguu mitatu) ya transista ya pili na ethi. Inapokuwa sawa husoma karibu 4.5, nusu ya betri. Ipime asubuhi, ipime tena saa nane mchana baada ya kukaa barazani. Ikihama mbali na 4.5, utaisikia.

Ukiing'ang'ania gerimani, mwambie fundi mahali pa ile rezista ya kiloomu 8.2 inayokwenda kwenye kolekta hiyo aweke potenshometa ya kiloomu 20 yenye nobu nje ya kasha, ili wewe mwenyewe uirudishe sauti jukwaani. Transista za asili pia ni za PNP, kwa hiyo ethi yake ni chanya: ukiichomeka kwenye waya mmoja wa adapta pamoja na pedali nyingine, umeunganisha chanya na hasi. Itumie kwa betri. Inakula chini ya miliampea moja au karibu na hapo, betri itadumu miezi, ilimradi uchomoe waya wa gitaa ukimaliza. Kwenye pedali nyingi waya huo ndio swichi ya betri.

Ushauri wetu ni silikoni, BC108 au BC109. Trebo yake ni kali zaidi, ndiyo, lakini unaipunguza kwa volyumu ya gitaa, na haijali kama ni Januari au Julai.

Swali: Ni kweli pedali isiyo na truu baipasi inaua sauti? – Ridhimu, Temeke

Jibu: Nusu kweli. Truu baipasi ina maana kwamba ukizima pedali, swichi yenye miguu tisa inaitoa saketi yote kwenye njia. Vizuri. Lakini hapo pikapu yako inabaki ikisukuma waya wote peke yake. Waya wa kawaida una kiasi cha pikofaradi 100 kwa mita. Mita 6 kuja kwenye pedali, 6 kwenda kwenye amplifaya, na vipande vya katikati: unakaribia 1,300, na trebo inafifia pedali zote zikiwa zimezimwa. Pedali moja yenye bafa nzuri, yaani saketi ndogo inayosukuma waya badala ya pikapu, popote kwenye mstari, inamaliza tatizo. Isiwe tu mbele ya fuzi, kwa sababu fuzi inataka kuguswa na pikapu yenyewe. Ikitanguliwa na bafa inakuwa kali na volyumu ya gitaa haiisafishi tena.

Swali: Nahitaji dilei (pedali ya mwangwi) kwa ajili ya solo. Fundi ananiambia yake inafika milisekunde 600. Nyingine ya kiwandani inafika sekunde moja na zaidi. Ni ndefu ipi inatosha? – Msomaji, Ubungo

Jibu: Dilei nyingi za mkono zimejengwa juu ya aisii moja, PT2399. Ni aisii ya bei nafuu, ya kupendeza, yenye mwangwi mzito kidogo kama wa kanda. Kikomo chake halisi ni usafi, wala si muda. Hadi karibu milisekunde 340 ni safi. Ukiivuta zaidi inaanza kuchafuka, na kwenye 600 mwangwi unakuja na mchanga mchanga. Wengine wanaupenda mchanga huo. Usikie kwanza, kwa kupiga noti moja na kunyamaza.

Unahitaji kiasi gani? Gawa 60,000 kwa mwendo wa wimbo. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika unakupa milisekunde 500 kwa pigo moja. Nusu yake, 250, inakaa vizuri nyuma ya solo ya dansi. Robo tatu yake, 375, inaleta ule mdundo wa kurukaruka. Kwa hiyo kazi yako karibu yote iko kati ya 200 na 400. Marudio mawili, matatu, mwangwi chini ya sauti yako. Wakati wa sebene izime kabisa: noti zinafuatana kwa kasi na kila rudio litakanyaga noti inayokuja, na anayepiga second solo hatajua ashike wapi.

Dukani au kwa fundi, jaribu hili. Zungusha nobu ya muda hadi fupi kabisa, chomoa umeme, chomeka tena. Ikigoma kuamka mpaka uongeze muda, fundi amesahau rezista ya kiloomu 1 hadi 3 kwenye mguu wa 6 wa aisii. Ikikosekana, aisii hujifunga wakati wa kuwashwa. Ni kazi ya dakika kumi, lakini ni afadhali aifanye yeye kabla hujalipa. Angalia pia kama kuna kidhibiti cha volti 5, 78L05, kipuri cha miguu mitatu. PT2399 ni ya volti 5. Ikipewa 9 haidumu. Na usiiweke waya mmoja wa umeme na ovadraivu zako: saa yake ya ndani hutoa mluzi unaopenya kwenye pedali zenye geini. Ipe tundu lake kwenye pawasaplai yenye matundu yaliyotengwa, au adapta yake peke yake.

Swali: Nakaa karibu na bahari. Swichi za pedali zinagoma, jeki zinakwaruza. – Kigamboni

Jibu: Chumvi. Jeki zisafishwe kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme: ipulizie kwenye plagi, ingiza na kutoa mara kumi. Mafuta ya kulainisha bawaba yaacheni mlangoni, yanashika vumbi. Swichi ya kukanyaga ikishaanza kukosa, ibadilishwe, na fundi asikae na moto kwenye mguu mmoja zaidi ya sekunde tatu, kwa sababu grisi ya ndani huyeyuka ikaziba viunganishi na swichi mpya inakufa siku ile ile. Pedali zilale kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Skrubu za kifuniko ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Swali: Fundi anataka nusu ya pesa kabla hajaanza. Nimpe? – Mpiga solo mwingine, Mwenge

Jibu: Ndiyo, ni haki yake, kasha, swichi na potenshometa anavinunua kabla hajashika risasi. Ila muandikiane, hata kwenye ujumbe wa simu. Iandikwe saketi ya ukoo gani na mabadiliko yake. Volti 9, katikati hasi. Kama anadai inakubali 18, kila kapasita ya elektroliti iwe ya volti 25 au zaidi, kwa sababu za volti 16 zitavimba. Jeki ziwe mbele au pembeni. Kama ubao wako wa pedali ni mdogo, mbele kunaokoa nafasi. Nobu ziandikwe majina. Tarehe ya kumaliza, na muda ambao ataitengeneza bure ikiharibika.

Nusu ya pili ulipe ukiwa na gitaa lako na, ikiwezekana, amplifaya yako mwenyewe, maana ya fundi imezoea pedali zake. Na omba kitu kimoja kisichomgharimu chochote: mchoro wa saketi, wenye thamani za vipuri alivyoweka kweli, ukunjwe na kubandikwa kwa selotepu upande wa ndani wa kifuniko. Fundi yeyote atakayekifungua miaka mitano ijayo, Mwenge au Mtwara, ataanzia hapo.